Picha 11 zimerudi zote, niendelee kuchora?

SWALI: Shikamoo mzee. Nina miaka 24, Mhehe wa Iringa. Huu mwaka wa tatu nachora picha za mtindo wa Tingatinga. Mwezi uliopita nilipeleka picha 11 kwenye duka moja la wageni, zikarudi zote. Mwenye duka alizipitishia kidole akasema rangi inanata. Baba ndiyo kapata la kusema: "Unahangaika na sanaa ya Wamakua ya nini, kwani kwenu hakuna kitu?" Niendelee au niache?
Msomaji, Iringa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kumi na moja tu? Mimi niliwahi kupata oda ya picha sita kubwa za hoteli, tena masika, mvua haikatiki. Nilikuwa na haraka ya hela. Rangi ya chini haijakauka sawasawa, nikaweka chui. Chui hajakauka, nikaweka madoa. Asubuhi nakuta uso wote umekunjamana kama utando wa maziwa ya moto. Nikazipeleka hivyo hivyo, zimelaliana kwenye bajaji. Kufika, zimegandana. Katika kuzibandua, chui mmoja akaondoka na jicho la mwenzake mgongoni. Advansi ya watu niliirudisha kidogo kidogo, miezi saba. Silingi bodi moja ya picha hizo mama watoto aliifanya mlango wa banda la kuku, na ipo mpaka leo.

Kwa hiyo huko kunata si mkosi wala si kukosa kipaji. Ni papara. Rangi ya mafuta hukauka juu kwanza, chini bado mbichi. Usiijaribu kwa ncha ya kidole. Bonyeza kwa kidole gumba, kizungushe kidogo. Ngozi ya rangi ikitembea, iache, nenda kachonge fremu.

La baba yako ni zito zaidi, maana hata mimi limenikuta, ila kwa upande wa pili. Mimi ni Mmakua wa Tunduru, alikozaliwa Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, aliyeuanzisha mtindo huu. Picha yangu ya kwanza nzuri nilimpelekea bibi kijijini. Akaigeuza juu chini, akauliza: "Huyu mnyama anaumwa nini?" Nilinuna siku nzima, lakini bibi alikuwa sahihi, kitu kile hakukijua. Tingatinga alizaliwa huko Tunduru 1932, ila uchoraji wake hakuuanzia huko. Alipita kwenye mkonge Tanga, akaja Dar es Salaam, na kwenye 1968 hivi akaanza kuchora kwa rangi ya baiskeli juu ya silingi bodi. Picha ziliuzwa nje ya Morogoro Stores, Oysterbay, wanunuzi wengi Wazungu. Mwaka 1972 akafariki. Miaka minne hivi tu! Waliobaki ni ndugu na jamaa aliowafundisha, ndiyo maana watu wa kusini wakajaa, si kwamba ni sanaa ya kabila. Walikaa benchi moja, wakachovya kopo moja. Mwambie baba hivyo, kwa adabu.

Ila sikuambii uchore ng'ombe wake ili uonekane Mhehe. Wapo watakaokushauri hivyo, na picha zao nimeziona, zimekaa kama kalenda.

Ukishuka Dar, niletee ile mbaya kuliko zote katika hizo 11. Nzuri ziache nyumbani. Na njiani usiilaze juu ya nyingine.