Gari la Mabua si Mdoli

Msomaji mmoja wa Singida anauliza iwapo ni sahihi gari ambalo mwanawe ameliunda kwa mabua ya mtama kuitwa "mdoli wa gari", kama alivyolisikia likiitwa na mgeni wake kutoka mjini. Si sahihi hata kidogo, nami namshukuru kwa kuuliza, maana neno hili limenikera kwa miaka mingi.

Mdoli limetoka kwenye Kiingereza, na huko lilikotoka ni mtoto wa bandia tu, yaani yule ambaye Kiswahili kinamwita mwanasesere. Sisi tumelipokea, tukalipanua, na leo madukani treni ni mdoli, ng'ombe ni mdoli, hata bunduki ya plastiki nayo ni mdoli. Neno la jumla tunalo tangu zamani, nalo ni kichezeo, lililozaliwa na kitenzi kuchezea.

Hebu litazame gari lenyewe. Mtoto amelibandua ganda la bua kwa meno, akalichana kuwa vijiti vyembamba vyenye ncha kali, akaukata ule moyo laini vipande vipande, kisha akavishikanisha kwa vijiti hivyo bila gundi wala msumari. Matairi ameyachonga kutoka kwenye kandambili iliyochakaa. Muulize, atakuonyesha bodi, chesisi na usukani, kila kimoja kwa jina lake. Fundi anayeitofautisha chesisi na bodi tunapata wapi ujasiri wa kumwambia kwamba ameunda mdoli? Mwenye mwanasesere ni yule msichana aliyechukua hindi bichi, akazisuka ndevu zake, akalibeba mgongoni kwa kipande cha kanga.

Katika kitabu kimoja cha watoto nilikuta, chini ya picha ya pia, maneno "mdoli wa kuzunguka". Pia! Neno la herufi tatu, ambalo kila aliyewahi kuicharaza kwa kamba uwanjani analijua, limefukuzwa ili maneno matatu yakae mahali pake. Tukinyamaza, kesho tiara itakuwa mdoli wa kuruka na manati mdoli wa kuwindia ndege.

Ile sanamu ya plastiki yenye nywele za dhahabu, inayouzwa dukani, waiite mdoli; hapo neno limekwisha kuota mizizi, nami nimechoka kulipinga. Lakini mgeni wako akirudi, ndugu yangu, mwambie kwamba hilo ni gari la mabua, na akitaka neno la jumla, mpe kichezeo.