Barua kwa mwanangu anayeandika hadithi za kutisha

Lamu

Mwanangu,

Wa aleikum salaam. Barua yako nimeipata, na zile kurasa nne za hadithi nimezisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimejiegemeza kwenye daka, baraza la mlangoni mwa nyumba, na kikombe cha kahawa kikinipoa mkononi. Unasema umechoka kuandika majini, na sasa unataka kutumia hofu ambazo watu wengi wanazo: nyoka, giza, urefu, damu, chumba kidogo kilichofungwa. Unaniuliza ni ipi inayotisha wengi zaidi, ili uanze nayo.

Jini hana kosa lolote, tusimsingizie. Na hilo la ipi inayotisha wengi sitalikalia. Nyoka na urefu hawakosi katika orodha yoyote, lakini ukichagua hofu kwa wingi wa wenye nayo, yule asiyeogopa nyoka utamshika na nini?

Nitakupeleka zahanati, mahali nilipoijua hofu kwa macho. Siku moja aliingia mkata boriti, mikono imeota sugu, mabega yamejaa mlango. Alijikata kwenye mikoko akahitaji sindano ya pepopunda. Aliketi, akaanza kuniuliza hali za watoto wangu mmoja mmoja, na mimi sina mwana ila wewe. Halafu akaligeukia bango la chanjo ukutani akalitazama sana, kama anayelisoma, naye kusoma hakujua. Nilipompaka spiriti begani ngozi yake ilikuwa baridi. Midomo ikawa rangi ya majivu, akateleza kitini taratibu, kama kanga inavyodondoka kambani.

Sasa rudi kwenye ukurasa wako wa tatu. Kijana wako anaogopa damu tangu utotoni, anaiona damu kwenye ngazi, moyo unamdunda, anapanda mbio hadi darini. Hapandi, mwanangu. Hofu nyingine hupandisha mapigo na presha, mwili ukajiweka tayari kukimbia. Hii ya damu na sindano mara nyingi huanza vivyo hivyo, kisha presha ikashuka ghafla, kichwa kikakosa damu ya kutosha, na mtu akazirai. Ndiyo maana wenye tatizo hilo hufundishwa kukaza misuli ya mikono na miguu, presha isiporomoke. Na hiyo ni bahati yako kubwa, wewe umeitupa. Kijana anajua kwamba akiitazama tena ile ngazi ataanguka papo hapo, na aliyeimwaga damu ile bado yumo nyumbani. Muweke juu ya ngazi, inabidi ashuke amefumba macho, akizihesabu ngazi kwa nyayo, na ya sita ina utelezi.

Tulifundishwa kwamba hofu huhesabiwa ugonjwa inapopita kiasi, ikadumu, kwa kawaida miezi 6 au zaidi, na mtu akaanza kuyapanga maisha yake ili aikwepe. Hapo kwenye kukwepa ndipo ningekuweka wewe na kalamu yako. Yule mkata boriti, kilichonitisha mimi si kuanguka kwake. Ni yale maswali kuhusu watoto nisiokuwa nao.

Unamkumbuka shangazi yangu wa Mkomani? Binti yake aliolewa mtaa wa Langoni, na kila usiku akitoka kumtazama alirudi kwa njia ya pwani, mzunguko mrefu, na miguu yake ile. Tulidhani anapenda upepo. Tukimtania kwamba ana mchumba nahodha, akicheka. Alipokuwa hawezi tena kutoka kitandani ndipo aliponiambia kwamba tangu usichana wake hakuwahi kupita usiku chini ya wikio, pale uchochoro unapoingia chini ya chumba cha watu ukawa kama tundu. Nikamuuliza aliona nini. "Sikuona kitu," akasema. "Nilisikia mtu akikaa kimya."

Miaka hamsini ya kuzunguka, mwanangu, na kicheko juu yake. Ungekuwa wewe ungeanzia wapi? Mimi ningeanzia usiku wa bamvua, maji yamepanda yamelamba njia ya pwani, na mtoto wa binti yake ana homa.

Jambo jingine, maana nyoka wako anatokea mara nne na mara ya nne nilikuwa naangalia kama kahawa imebaki. Mwaka 1920 John B. Watson na Rosalie Rayner wa Marekani walichapisha jaribio ambalo leo lisingeruhusiwa, na mimi kama mama siwezi kulisoma bila hasira. Mtoto wa miezi 11 hakuwa na hofu na panya mweupe. Wakawa wanagonga chuma kwa nyundo nyuma ya kichwa chake kila alipomgusa, hata panya peke yake akatosha kumliza. Kisha akaanza kumuogopa sungura, na mbwa, na koti la manyoya. Hofu haikutulia kwa panya, ilitambaa ikavishika vinavyofanana naye. Basi mwonyeshe nyoka mara moja, tena upesi. Baadaye msomaji mpe kamba iliyolowa gatini, mpe mpira wa maji uani, mpe ukili uliozungushwa pembeni mwa chumba cha bibi. Nyoka mwenyewe muache alale.

Wapo pia wanaosisimkwa na vitundu vilivyosongamana, kama sega la nyuki. Umezaliwa katika mji uliojengwa kwa jiwe la matumbawe, kuta zake za ndani zikajazwa zidaka, vile vishubaka vilivyopangwa safu kwa safu. Hilo nakuachia.

Lakini usimcheke mwenye hofu ndani ya hadithi. Kijana wako umemfanya mjinga kidogo, na mimi najua ulimtoa wapi.

Nami nikupe yangu, maana umeniuliza naogopa nini na nikajifanya sikuliona swali. Nilikuwa na miaka saba. Birika la choo cha nyumba ya babu, lile tangi la maji lililojengewa ndani, lilikuwa na vijisamaki, wale wa kula viluwiluwi vya mbu, na chini kabisa mlizamishwa bakuli la kaure ili maji yakipungua wapate pa kujihifadhi. Kata ya kifuu ilinitoka mkononi ikazama. Hakukuwa na taa. Nilitia mkono hadi begani nikipapasa, na kitu kikanibusu kiganjani, polepole, kisha kikarudia. Babu alikuja na kandili akanionyesha samaki, nikawaona kwa macho yangu, wadogo kama kidole. Nikamwambia nimeelewa.

Ile ndoo nyekundu iliyokuwa ikikaa kando ya birika letu, na mimi nikikutuma wewe kila magharibi uijaze, ukinuna kwamba mama hana huruma. Ungali unaikumbuka?

Mamako