Vifuko vya seli na utumbo kuvimba

Dada, umeuliza kama vifuko vya seli ndo vimemletea mdogo wako ugonjwa wa Crohn, ule wa utumbo kuvimba kwa muda mrefu, hapana, sio rahisi hivyo. Yaani seli zetu zinatoa vifuko vidogo mno, aina moja ndo eksosomu, zina kama nanomita 30 hadi 150 (nanomita ni milimita moja ukiigawa mara milioni), ndani kuna protini na RNA, yaani nakala za maelekezo ya jeni, ni kama kile kifurushi unampa konda wa basi la Kondoa apeleke nyumbani. Sa utumbo ukishavimba seli za kinga zinatumiana vifurushi vya kuchochea na nyingine nazo zinawaka, ila vile vya seli shina, zile zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine, vimepoza utumbo wa panya maabara. Wa panya lakini! Mtu akikutangazia sindano ya eksosomu hapa Dodoma mpotezee, dogo aendelee na dawa alizoandikiwa.