Barua kwa mwanangu: kuhusu kinasa sauti mezani

Mwanangu,

Barua yako imefika, nasi tu wazima. Unauliza kama ni sawa uturekodi tukizungumza mezani kwa ajili ya utafiti wako bila kutuambia mapema, maana tukijua tutaanza kusema kama watangazaji wa redio. Hilo la ruhusa mwulize mwalimu wako, na nadhani unajua atakachosema. Mimi nataka kujua kama masikio yako yako tayari.

Zile karatasi ulizonitumia nimezisoma. Huyo Harvey Sacks, mtafiti wa jinsi watu wanavyozungumza, kanipendeza. Miaka ya 1960 huko Los Angeles alisikiliza simu za watu waliopiga kituo cha kuzuia kujiua, akamkuta mmoja ambaye mpokeaji anamtajia jina lake ili naye ataje la kwake, yeye anadai hasikii vizuri. Nilicheka peke yangu. Ujana wangu wote nilikuwa opereta wa simu. Hao wasiosikia wanapotaka nawafahamu. Nimesema siku zote, mpaka mmechoka kunisikia: jibu hutangulia maneno. Leo nasoma kwamba watafiti walilinganisha lugha kumi, wakatoa matokeo 2009, kwamba kati ya swali na jibu hupita kwa wastani kama sehemu ya tano tu ya sekunde. Na wanaokataa huchelewa kuliko wanaokubali. Kumbe mlihitaji mashine!

Mwaka ule wa ada yako nilimpigia mjomba wako, nikamwomba atushike mkono. Akanyamaza. Si kwa muda mrefu, lakini yule mama Gail Jefferson, aliyekuwa akiandika ukimya wa watu kwa sehemu za kumi za sekunde, asingeuacha upite. Kisha: “Eeh, dada, sasa unajua...” Akaingia kwenye habari za paa lake. Mwisho akasema, “Lakini tutaona.” Baba yako akafurahi, akasema shemeji kakubali. Mimi siku hiyohiyo nikaanza kutafuta pa kukopa. Hela haikuja, unajua.

Pengine namwonea. Mtu anaweza kunyamaza kwa sababu kashtuka, au anapiga hesabu ya alichonacho. Hata laini za enzi zile zilikuwa na mambo yake. Ila siku ile laini ilikuwa safi, redio yake naisikia chumbani. Haya, tuseme alikuwa anapiga hesabu. Sasa mtu anayepiga hesabu si huuliza ni kiasi gani? Mjomba wako hakuuliza kiasi. Mpaka leo hajauliza.

Ndiyo maana nakuuliza habari ya masikio. Mwezi wa kumi na mbili atakuwa mezani pamoja nasi, nawe utakaa na kinasa chako ukipima nani kamkatiza nani, nani kavuta pumzi kabla ya kujibu. Utampima yeye, utampima baba yako, utanipima mimi. Jibu hutangulia maneno, mwanangu, na ukishalisikia huwezi kujifanya hukulisikia.

Ulimi unaniwasha nikuambie la kufanya. Baba yako anasema nikuachie uamue mwenyewe, tena alisema papo hapo bila kusita, kwa hiyo namwamini. Basi nanyamaza. Ila ukiamua kuomba ruhusa, anza na mjomba wako, na umwombe nikiwa nimekaa karibu. Nataka kusikia atachukua muda gani.

Mama yako