Reduce, mitigate, alleviate: zote simu inasema ni "kupunguza", natumia ipi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Njombe, nafanya kazi kwenye mradi wa afya na kilimo, ripoti zetu zote ni za Kiingereza. Mimi kila sehemu naandika reduce, bosi ananirudishia anasema tafuta neno lingine. Nikaingia kwenye simu nikakuta mitigate, alleviate, temper, dilute, water down, tone down, zote maana yake kupunguza! Nikaandika "the drugs alleviate the virus" na "we gave drought-resistant seeds to mitigate climate change", zote mbili zimepigwa mstari mwekundu. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, kamwene, poleni na baridi ya huko. Mimi niko hapa Mbeya, kazi yangu ni kutafsiri na kuhariri ripoti kama hizo zako, na hili swali naletewa sana.

Kiukweli shida inaanzia kwenye hilo neno kupunguza, mana tunalibebesha kila kitu wakati Kiswahili chenyewe kinatofautisha vizuri tu. Uji wa moto unapozwa, dawa kali inazimuliwa kwa maji, maumivu yanatulizwa, maneno makali yanalainishwa, huwezi kumwambia mtu "tuliza uji" akakuelewa. Sasa na Kiingereza ni hivyo hivyo, kabla hujachagua neno jiulize kwanza kinachopunguzwa hapa ni nini.

Tuanze na hiyo ya dawa. Alleviate imetoka kwenye neno la Kilatini, levis, yaani nyepesi, kwa hiyo picha yake ni kumtua mtu mzigo. Mzigo wenyewe ni mateso: maumivu, njaa, umaskini, dalili za ugonjwa. Chanzo kinaweza kikawa bado kipo palepale ila mtu kapata nafuu. Kirusi si mateso, ni chanzo chake, kwa hiyo huwezi kukialleviate, hapo andika "the drugs suppress the virus". Na angalia hata sisi wenyewe, zamani tulikuwa tunasema dawa za kupunguza makali, siku hizi wataalamu wanasema dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, na hilo neno kufubaza limekaa vizuri sana kwasababu kitu kikifubaa bado kipo ila nguvu hakina. Ukiandika alleviate msomaji anaona kama mnagawa vidonge vya maumivu, wakati mtu anayetumia dawa vizuri, virusi vikashuka mpaka havionekani kwenye kipimo na vikabaki hivyo, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Hilo si jambo dogo la kupotezwa na neno moja.

Kwenye mambo ya afya utakutana pia na attenuate. Hii ni kukidhoofisha kitu taratibu, kama chanjo ya kifua kikuu, BCG, ambayo wanasayansi Calmette na Guérin walikaa miaka 13 wanaotesha bakteria maabara kizazi baada ya kizazi mpaka wakapoteza ukali, ikaanza kutumika kwa binadamu mwaka 1921.

Haya, mitigate. Hii ni ya madhara na hatari, unafanya kitu ili hasara isiwe kubwa kama ambavyo ingekuwa. Hata mahakamani mtu akishakutwa na hatia anapewa nafasi ya mitigation, anaeleza ana watoto, ni kosa la kwanza, ili adhabu isiwe kali. Ila kwenye tabianchi ina maana yake maalumu na ndo ulipokwama: mitigation ni kupunguza hewa ukaa yenyewe, kupanda miti, kuacha kuchoma misitu. Mbegu zinazostahimili ukame hazipunguzi hewa ukaa, zinamsaidia mkulima aishi na hali iliyopo, hiyo ni adaptation. Andika "to help farmers adapt to climate change". Mimi mwenyewe nilishawahi kuchanganya hizo mbili kwenye andiko la watu fulani, wakarudishiwa lote walirekebishe na siku zilikuwa zimebaki mbili, iliniuma sana. Na usiandike "mitigate against", anayechukua against ni militate, neno lingine kabisa, maana yake kukwamisha.

Dilute na water down, hapa fikiria ulanzi, ile pombe ya mianzi. Dilute haina lawama, ni kuzimua kama inavyotakiwa, unapima kiuatilifu unamimina kwenye solo, lile bomba la kupulizia la mgongoni, la lita 15 unaongeza maji kwa kipimo cha kwenye lebo. Lakini muuza ulanzi akichukua mkangafu, yaani ulanzi uliokwisha kuwa mkali, akaongeza maji ili madumu yawe mengi, hiyo ni water down, imechakachuliwa. Ndo mana sheria au mkataba ukiondolewa makali watu wanasema umekuwa watered down, wanalalamika hao, hawasifii.

Temper naipenda kuliko zote. Nenda kwa fundi anayetengeneza patasi, umwangalie. Anachoma chuma mpaka kinakuwa chekundu anakichovya kwenye maji, tsss, kinakuwa kigumu sana, ila ukikigonga vibaya kinakatika. Kwahiyo anakirudisha kwenye moto wa wastani, anakitoa kinapoa, ugumu unapungua kidogo lakini sasa kinavumilia nyundo. Hiyo ndo temper. Ukisema "temper criticism with praise" ukosoaji bado upo, umechanganywa na sifa ili usimvunje mtu.

Tone down ni ya lugha na rangi, barua ikiwa kali sana unaitone down. Usiichanganye na downplay, hiyo ni kufanya tatizo kubwa lionekane dogo, na kwenye ripoti ya afya sikushauri kabisa.

Na reduce usiikimbie. Kama vifo vya vifaranga vilikuwa 40 vikawa 12, hiyo ni namba imeshuka, andika reduced from 40 to 12, na bosi akipiga mstari hapo mwoneshe hili jibu.