Mashine ipi ya kujazia risasi inafaa kwa anayeanza nyumbani?

SWALI: Fundi, habari za kazi? Mimi ni Mkenya, naishi Fort Worth, Texas. Nina bastola ya 9mm ninayokwenda nayo uwanja wa shabaha, napiga kama risasi mia mbili kwa mwezi, na bunduki ya .308 ya kuwindia kulungu msimu ukifika. Bei ya risasi imenichosha, nataka kujaza mwenyewe gereji, yaani kuyatumia tena maganda niliyokwisha kupiga. Jamaa mmoja ananiuzia Dillon XL 750 iliyotumika na ananiambia nikinunua mashine ndogo nitajuta. Mke wangu ana wasiwasi kwa sababu tuna watoto wadogo. Ninunue ipi? Na je, ninaweza kumpelekea baba mashine kama hiyo Eldoret? Yeye ana bunduki yenye cheti.

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. XL 750 ni mashine bora na jamaa yako hakudanganyi kuhusu kasi yake. Lakini kwa mtu ambaye hajawahi kujaza hata risasi moja, mimi nasema iache kwanza. Chagua mashine itakayokuwezesha kuchungulia ndani ya kila ganda kabla hujalifunga kwa kichwa cha risasi. Hicho ndicho kigezo changu cha kwanza, bei na kasi vinafuata nyuma.

Ganda lililokwisha kupigwa hupitia hatua hizi: linatolewa praima iliyoungua (kile kikofia kidogo cha kitakoni kinachowasha baruti), linabanwa lirudi kwenye kipimo chake, linatiwa praima mpya, linamiminiwa baruti, kisha kichwa kinakalishwa na mdomo unabanwa. Ganda la bastola huongezewa hatua ya kupanuliwa mdomo kidogo ili kichwa kiingie bila kukwaruzwa. Mashine zote zinafanya kazi hiyohiyo. Zinatofautiana katika idadi ya hatua zinazofanyika kila unapovuta mkono wa mashine.

Mashine ya hatua moja, kama Rock Chucker ya RCBS au Classic Cast ya Lee, hubeba kalibu moja tu, yaani kile kifaa cha chuma kinachobana ganda au kukalisha kichwa. Unabana maganda hamsini yote, unabadilisha kalibu, unarudia hamsini yote kwa hatua inayofuata. Kwa saa moja utatoa risasi kama hamsini. Mashine ya kichwa kinachozunguka, kama Classic Turret ya Lee yenye nafasi 4, huacha kalibu zote zimefungwa juu. Ganda linakaa palepale na kichwa cha mashine ndicho kinachogeuka. Ukizoea utafika risasi 150 hivi kwa saa. Ya mfululizo, kama hiyo XL 750 yenye vituo 5, inashughulikia maganda matano kwa mpigo mmoja, na kila ukivuta mkono inatema risasi iliyokamilika. Hapo mamia kwa saa ni jambo la kawaida.

Sasa nikueleze kinachonifanya nikuzuie. Baruti nyingi za bastola hazifiki hata nusu ya ganda la 9mm. Maana yake ukimimina mara mbili kwa bahati mbaya, baruti yote inaingia, kichwa kinakaa juu yake vizuri, na risasi ukiitazama kwa nje haina tofauti na wenzake. Kiwango cha juu cha mgandamizo wa 9mm kwa vipimo vya SAAMI, taasisi ya watengenezaji wa silaha na risasi Marekani, ni psi 35,000 (ratili kwa inchi ya mraba). Ukirudufu baruti unavuka hapo kwa mbali, na bastola inaweza kupasukia mkononi. Kosa la pili ni kinyume chake: ganda halikupata baruti kabisa. Praima peke yake inakisukuma kichwa hadi katikati ya mtutu na kukiacha hapo. Unasikia mlio hafifu, unadhani ni risasi mbovu, unakoki, unapiga nyingine nyuma yake. Mtutu unapasuka.

Kwenye mashine ya mfululizo makosa haya huzaliwa pale kitu kinapokwama. Praima imekaa upande, ganda limelala, mkono unagoma katikati. Mgeni anarudisha mkono nyuma, anachomoa hiki, anasukuma kile, anaendelea. Akishaendelea hajui tena ganda lipi limemiminiwa na lipi bado, maana matano yote yamo kazini kwa wakati mmoja. Mzoefu anayatoa yote, anamwaga baruti, anaanza upya. Mgeni anaona uvivu.

Kwenye mashine ya hatua moja, maganda hamsini yakiwa yamepangwa kwenye trei, mambo yako wazi. Ukishamimina, washa tochi, inama juu ya trei, pita safu kwa safu. Baruti iliyozidi inaonekana imepanda juu kuliko ya jirani zake, na ganda tupu linaonyesha kitako chake cheusi. Kazi hiyo haifiki dakika mbili. .308 ina unafuu wake hapa: baruti za bunduki hiyo kwa kawaida hujaza sehemu kubwa ya ganda, ukimimina mara mbili inafurika mezani na utaiona.

Kwa hali yako ningenunua ya kichwa kinachozunguka, na hasa hiyo Classic Turret, kwa sababu moja: ile fimbo inayozungusha kichwa chenyewe inachomoka. Ianze bila fimbo, uitumie kama mashine ya hatua moja kwa trei za hamsini hamsini. Siku mkono wako ukishazoea kubana ganda na kukalisha praima, rudisha fimbo. Risasi mia mbili kwa mwezi utazimaliza kwa jioni moja. Kama lengo lako kubwa lingekuwa .308 tu, ningekuambia ununue ya hatua moja ya chuma cha kusubu, yenye fremu iliyofunga pande zote, maana haipindi unapobana ganda kubwa.

Usipuuze meza. Kubana ganda la .308 kunataka nguvu, na meza nyepesi itanyanyuka miguu ya nyuma kila unapovuta. Ifunge ukutani kwenye nguzo za mbao, mashine uifunge kwa bolti zinazopenya ubao mzima. Kalibu za 9mm zichukue za kabaidi, metali ngumu sana, hazihitaji kilainishi. Za .308 zinakihitaji kila ganda. Ukisahau, ganda linanasa ndani ya kalibu na kulitoa ni adha. Ukikuta Dillon Square Deal B ya mtumba kwa bei poa, jua kwamba inatumia kalibu zake pekee, si zile za uzi wa kawaida wa 7/8-14, na haijazi risasi za bunduki ndefu.

Mbali na mashine nunua mizani nzuri, venia ya kupimia urefu wa risasi, miwani ya kinga na kitabu cha vipimo kutoka kwa watengenezaji wa baruti au vichwa. Vipimo vya kuambiwa na rafiki usivifuate, hata kama yeye amevitumia miaka. Anza na kiwango cha chini kilichoandikwa.

Mkeo ana hoja, na umsikilize. Baruti ikae kwenye kopo lake la kiwandani, kabatini, kwa kufuli. Ile tabia tuliyokua nayo ya kutia mafuta ya taa kwenye chupa ya soda isiingie gereji hii. Praima usizimimine kwenye mtungi, moja ikilipuka zinalipuka zote. Viwango vya NFPA, chama cha Marekani cha kinga dhidi ya moto, kwa nyumba ya kuishi ni hadi ratili 20 za baruti isiyo kwenye sanduku maalumu la mbao, kama kilo 9, na praima 10,000. Mji wako unaweza kuwa na masharti zaidi, na kama umepanga muulize mwenye nyumba. Kuna pia risasi yenyewe, yaani madini. Vumbi la maganda yaliyopigwa lina risasi ndani yake na huwadhuru watoto kuliko wakubwa. Usile wala kunywa kwenye meza hiyo, nawa mikono kwa sabuni, na nguo za gereji zisipande kitandani.

Kuhusu gharama, usitarajie makubwa kwenye 9mm. Akiba halisi utaiona kwenye .308, na huko pia utapata risasi inayolingana na bunduki yako.

Sheria ya shirikisho ya Marekani haikudai leseni ukijaza kwa matumizi yako. Ukianza kuuza, hata kwa marafiki wa kanisani, unahitaji leseni ya ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha. Na usimgawie mtu, maana ikimpasukia ni kazi ya mikono yako.

Ya Eldoret, jibu ni hapana. Cheti cha kumiliki bunduki Kenya hakimpi mzee ruhusa ya kutengeneza risasi, na baruti na praima haziruhusiwi kwenye ndege, uwe umeziweka begi la mkononi au la chini. Aendelee kununua kwa muuzaji mwenye leseni, kwa kiasi alichoruhusiwa.