Fundi Anajibu: Oili ya gia imegeuka maziwa

SWALI: Shikamoo Fundi. Nimenunua trekta ya Massey Ferguson 135 iliyotumika. Nilipochomoa kijiti cha kupimia oili ya nyuma nikakuta imepauka kama maziwa, na nikinyanyua jembe mikono ya nyuma inatetemeka. Rafiki yangu mwenye lori ananishauri nimwage yote, nioshe ndani kwa dizeli, halafu niweke oili ya gia ya daraja la GL-5, eti ndiyo kali kuliko zote. Nimfuate?
Mkulima wa trekta moja

JIBU: Marahaba, mwanangu. Rafiki yako anajua malori, na kwa lori lake huenda hajakosea. Lori lina oili ya giaboksi mbali na ya difu mbali. Hiyo 135 yako giaboksi, difu na haidroliki zote zinakula chungu kimoja, na chungu chenyewe kinabeba karibu lita 30. Pampu ya haidroliki imezama humo humo, katikati ya mwili wa nyuma, inazungushwa na shafti ya PTO, ile inayopeleka nguvu ya injini kwenye vifaa vya nyuma. Oili kupauka kama maziwa ni dalili kwamba imeingia maji. Maji yakiingia, meno ya gia yatavumilia kwa muda bila kusema kitu. Pampu haivumilii. Vali zake zina nafasi nyembamba sana, kutu kidogo na tope kidogo vinazifanya zinate, ndiyo unaona mikono inatetemeka. Kwa hiyo hayo si matatizo mawili, ingawa siwezi kuapa kwamba pampu itapona kwa kubadilisha oili tu. Kama vali zimeshaliwa na kutu, itabidi ifunguliwe. Anza na oili kwanza.

Hiyo GL-5 iache kwenye lori. Imewekewa dawa nyingi ya salfa na fosforasi kwa ajili ya meno ya difu yanayosuguana kwa kuteleza chini ya mzigo mkubwa. Dawa hiyo ikipata joto, nyingine huanza kula shaba, na ndani ya trekta za zamani kuna bushi na washa za shaba. Tena kwa kawaida ni nzito, pampu inahangaika kuivuta asubuhi trekta ikiwa baridi. Tafuta oili iliyotengenezwa kwa trekta za chungu kimoja. Kwenye dumu imeandikwa UTTO. Kisha linganisha na kitabu cha trekta yako, hasa kama 135 yako ni ile yenye Multi-Power, yaani ile inayobadilisha mwendo kati ya mkubwa na mdogo bila kukanyaga klachi.

Sasa kumwaga. Utaambiwa na kila fundi kwamba oili humwagwa ikiwa ya moto, na ni kweli: ya moto hukimbia na hubeba uchafu. Lakini yako ina maji, kwa hiyo tutakwenda kwa hatua mbili. Iache trekta usiku kucha mahali tambarare, magurudumu yamezuiwa yasibingirike, jembe limefunguliwa, mikono imeshushwa hadi chini. Asubuhi, kabla hujawasha, legeza nati ya kumwagia taratibu bila kuitoa. Maji ni mazito kuliko oili, yale yaliyojitenga yamelala chini na yatatoka kwanza. Ukiona oili imeanza kufuata, kaza. Ndipo uwashe, uizungushe shambani nusu saa hivi hadi mwili wa nyuma upate joto, urudi umwage yote. Vaa glavu, oili ya moto huteremka mpaka kwenye kiwiko kabla hujasema aah.

Ila kabla ya kugusa nati ya chini, hakikisha ya juu, ya kujazia, inafunguka. Nakusihi kwa hili kwa sababu limenikuta. Nilikuwa bado msaidizi, mwenye gereji ametoka, nikataka aniheshimu akirudi. Nikamwaga oili ya trekta ya mteja vizuri kabisa, nikapanda juu kujaza, nati imeganda kwa kutu. Spana ikateleza, pembe za nati zikaisha. Trekta ikalala pale siku mbili bila oili, na mwenyewe anakuja kila asubuhi kuniangalia tu, hasemi neno. Kosa langu la pili siku hiyo hiyo: karai la lita 20 chini ya trekta ile kubwa. Wewe andaa vyombo viwili, na mtu wa kubadilishana navyo.

Usidhani nati moja inatosha. Pita chini ukiwa na tochi, utafute ya giaboksi mbele na ya mwili wa nyuma. Ukiacha moja, maji yatabaki kwenye bonde lake na oili mpya itapauka ndani ya wiki. Nati ikitoka, ipanguse kwa kidole. Ukikuta ujiuji laini wa kijivu, kama grisi iliyochanganywa na majivu, ni kuchakaa kwa kawaida. Ukikuta vipande vyenye ncha, au kitu kinachofanana na kipande cha jino, simama hapo. Usitie oili mpya juu ya beringi iliyovunjika.

Ukishamaliza kumwaga, fungua mfuniko wa ubavuni. Wengi wanaruka hatua hii kwa sababu ya gasketi, nami nasema nunua gasketi. Humo utakuta tope limelala sakafuni, zito, halitoki kwa nati hata ungeinamisha trekta. Lichote, pangusa kwa tambara lisiloacha nyuzi. Chujio la pampu nalo lisafishwe kwa wakati huo.

Kuhusu kuosha kwa dizeli: kunyunyiza kidogo kulegeza tope huku mfuniko uko wazi, kisha kupangusa hadi kukauke, sina ugomvi nako. Kujaza dizeli na kuendesha trekta, hapana. Dizeli haina nguvu ya kutenganisha chuma na chuma, na kiasi kitakachobaki kitaifanya oili mpya kuwa nyepesi. Mimi ningefanya hivi: jaza UTTO ya kawaida, fanya kazi nyepesi saa 50 hivi, mwaga tena ikiwa ya moto. Itatoka na mabaki. Ya pili ndiyo ya kukaa nayo hadi muda wa kitabu, ambao kwa trekta nyingi ni karibu saa 1,000 za kazi. Ndiyo, ni gharama mara mbili. Pampu ni zaidi.

Baada ya kujaza, washa, nyanyua na shusha mikono mara kadhaa ili hewa itoke, zima, subiri dakika chache, pima upya. Kijiti kitakuwa kimeshuka. Ongeza.

Na maji yaliingilia wapi? Angalia mpira unaoziba shina la wenzo wa gia. Kwenye trekta zinazolala nje, mpira huo hupasuka kwa jua, mvua inateremka moja kwa moja kwenye giaboksi. Kama wako umepasuka, kazi yote niliyokuandikia ni bure mpaka uubadilishe.

SWALI: Kaka Fundi, mimi ni dereva. Trekta ninayoendesha breki zake ziko ndani ya oili. Tangu gereji waweke oili mpya ya gia, 80W-90, nikikanyaga breki inalia na kutikisika mwili mzima. Nilipokwenda kununua nyingine nikapewa dumu la UTTO lenye 10W-30, nikakataa maana hiyo ni oili ya injini.
Dada wa usukani

JIBU: Dada, ulikataa dawa yako mwenyewe. Oili za gia na oili za injini zinapimwa kwa vipimo viwili tofauti, kama futi na mita. Namba 90 kwenye dumu la gia ina uzito unaokaribia 40 au 50 ya injini. Haiko mara mbili kama inavyoonekana. Watengenezaji wengi wa UTTO huandika 10W-30 na bado ni oili ya trekta. Soma neno, usisome namba peke yake.

Kelele unayoisikia ni sahani za breki zinashika na kuachia, zinashika na kuachia, haraka kuliko jicho. Oili ya breki zilizozama huwekewa dawa ya kufanya mshiko uwe laini, na oili ya gia ya kawaida haina. Usingoje iishe muda. Imwage sasa, pamoja na ya pembeni kwenye ekseli kama zina nati zake. Ukishajaza sahihi, endesha polepole mahali wazi, ukanyage breki mara nyingi kwa upole, kwa sababu sahani zimenyonya ile ya zamani. Kelele hupungua siku hadi siku. Ikibaki vilevile baada ya wiki ya kazi, sahani zimeungua.

SWALI: Fundi, oili chafu inafaa kumwagwa uani kuzuia vumbi?
Msomaji

JIBU: Haifai, inazama kwenye udongo na kufuata maji ya kisima. Itie kwenye dumu lenye kifuniko, usiichanganye na maji wala dizeli, uipeleke kwa wanaokusanya oili chafu. Na usiiwashe jikoni; ule moshi una metali.